Solange Mbele ya Jury, na Mafuta Yangu

Bamwana,

Hata ulipokuwa muzima hukujua kusoma, na mimi sijui, kwa hiyo kufa kwako hakukuharibu kitu kwa upande wa barua. Solange, mujukuu wetu, ndiye anaandika. Mimi naongea, yeye anashika kalamu, na akianza kunipunguzia maneno nitamujua, maana kalamu itatulia na mimi ningali naongea. Tayari ananiangalia vibaya. Andika, mama. Andika na hilo.

Nataka nikueleze siku ya défense yake, siku ya kutetea kazi yake mbele ya maprofesa wa jury, yote, tangu asubuhi. Wewe bamwana wangu, mama wa mukwe wangu, ulipaswa kuwa pale. Tulikuwa tumepatana tutaenda sisi wawili, wewe na kitenge chako cha kijani, mimi na kile cha ndege, tukae mbele ili watu wajue mutoto ana bakoko, bibi zake wawili. Ukaniacha. Kifua kilikubana, wiki hata haikuisha, tukakuzika. Bado sijakusamehe vizuri, lakini tuache hilo, nitakupigia kelele tukikutana.

Kwanza habari za nyumbani. Mvua imekuwa nyingi. Maua tuliyopanda juu yako, mbuzi ya jirani iliyakula, tukapanda mengine na kuzungushia mawe. Muvure wako wa kukamulia ndizi uko kwa Béatrice wangu, anakamua yeye sasa. Kasiksi yake, pombe yenyewe ya ndizi, ni tamu kupita kiasi. Wateja wananyamaza kwa heshima ya mama mukwe wake marehemu. Mimi sinyamazi, ni binti yangu, namwambia kila siku. Kwa soko, pale ulipokuwa unakaa na bidon zako pembeni ya mafuta yangu, wameweka mwanamuke wa vitunguu. Mutu akipita na kuongea ujinga, nageuka kukuangalia ili tucheke, nakuta vitunguu. Yule mwanamuke hachekagi.

Sasa Innocent. Mutoto wako si mutu mubaya, na mimi nilimupa binti yangu nikijua nampa nani. Lakini kisha ya matanga yako alitukalisha chini, mimi na Béatrice na Solange, akasema hivi: "Nimesomesha huyu mutoto hesabu mpaka nimechoka. Wenzake wana watoto kwa mugongo. Akipita, sawa. Jury wakimurudisha, mambo ya chuo imeisha, anakuja kushika depot ya Bunagana." Unaijua hiyo depot, stoo yake kule mpakani, mchele na sabuni na magari ya Uganda yanapiga honi siku nzima. Solange aliangalia mikono yake. Nilitaka kusema kitu, nikasikia nafasi yako iko wazi pembeni yangu, nikakosa nguvu. Wewe ungemwambia. Wewe ulimunyonyesha, angekusikia.

Basi yote ilibaki kwa ile siku moja. Kama watu wa jury wanakubali kazi yake, anabaki na hesabu zake. Wakikataa, mchele na sabuni.

Na kazi yenyewe, Bamwana, unaikumbuka? Ulikuwa unaniuliza: "Lakini huyu mutoto anasomea nini hasa?" na mimi nilikuwa nadanganya kwamba najua. Sasa najua. Karibu. Ni hesabu ya kitu kizito cha kumiminika, sawa mafuta, asali, uji, wakati kitu kingine kinajizungusha ndani yake. Kwa Kifaransa ina jina refu sawa treni. Alikuja kwangu akasema, "Koko, niazime mafuta yako ya mawese, bassin nzima, lile beseni kubwa." Nikamuuliza kama anaolewa. Akasema ni ya kuangalia.

Alienda kwa menuisier, fundi wa mbao, akachongewa gogo dogo la mviringo, laini sawa chupa. Akalisimamisha katikati ya bassin, juu akafunga pédale ya kinga mubovu, baiskeli iliyokufa, ili aweze kulizungusha. Asubuhi mafuta yalikuwa yameganda, unajua baridi ya huku kwetu, anaacha bassin kwa jua hapo juu ya mawe mpaka saa sita, anapita anagusa, anapita anagusa. Yakiwa tayari, anamwaga vumbi la mbao juu yake, mustari mumoja ulionyooka kutoka kwa gogo mpaka kwa ukingo. Halafu anazungusha, polepole. Na ule mustari, Bamwana, ulianza kujipinda. Karibu na gogo ulijipinda sana, mbali kidogo tu, mpaka ukawa sawa mukia wa kinyonga. Majirani walikuja kuangalia. Mumoja akasema mutoto ameingia kwa uchawi. Nikamwambia uchawi gani wenye unafanywa saa sita mbele ya kanisa.

Akanieleza. Mafuta yenye yanagusa gogo yanashikamana nalo, yanazunguka nalo sawasawa, hayatelezi hata kidogo. Yenye yako nyuma yake yanakokotwa, lakini yanachelewa. Yenye yako nyuma ya hayo yanachelewa zaidi. Na kule kwa ukingo, mafuta yameshikamana na bassin, na bassin haiendi mahali, kwa hiyo yametulia kabisa. Kila tabaka linavuta jirani yake na jirani anakataa kidogo. Nikasema, ni sawa kwa soko wakati mutu mumoja anaanza kukimbia: mwenye amemugusa anakimbia naye, wa nyuma wanatembea haraka, wa mbali wanageuza kichwa, na wa mwisho kabisa anaendelea kuuza nyanya. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Koko, karibu. Nusu yake." Nusu inanitosha. Sikulala na njaa ya ile nusu ingine.

Kisha anaingia ndani na karatasi. Huko sikumufuata. Alikuwa anatafuta kwa hesabu tu, bila kuangalia bassin, kusema mafuta ya mahali fulani yatatembea kwa mwendo gani. Hesabu inasema mbele, bassin inasema kisha, na yeye anaangalia kama vinapatana. Visipopatana anararua karatasi. Alirarua nyingi, tuliwashia moto wa makala nazo. Siku vilipatana alitoka nje, akasimama kwa mulango, akasema, "Koko, imekubali." Hakuruka, hakupiga kelele. Alikuwa na uso wako ule wa kuonja kasiksi na kuikuta imeiva.

Mafuta aliyarudisha. Aliyachuja kwa kitambaa, nikakaangia sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwa, na hatukufa.

Unakumbuka alivyokuwa mudogo pale Mugunga, wakati tulikuwa tumekimbia vita na tunapikia chini ya shiti ya plastiki? Alikuwa anazungusha mwiko kwa uji, anautoa, anaangalia uji unavyoendelea kuzunguka wenyewe mpaka unachoka. Anarudisha mwiko. Mimi nataka kumupiga kofi juu watu wana njaa. Wewe ukasema, "Muache, anaona kitu." Nikakujibu, "Anaona njaa." Tulicheka sana, na kulikuwa hakuna cha kuchekesha mahali pale.

Haya, siku yenyewe.

Nilivaa kitenge cha ndege. Béatrice alijaza bidon ya kasiksi, ile ya njano, nikaibeba mwenyewe. Innocent akaniuliza ya nini. Nikasema, tunaenda kumuombea mutoto kwa watu wakubwa, tunaenda mikono mitupu? Akatikisa kichwa akatangulia. Alikuwa amevaa koti la harusi, na shingo yake imejaa jasho, nikajua anaogopa pia. Huyu mwenye anasema amechoka.

Tuliketi mbele. Wanaume wa jury walikuwa kwa meza ndefu, wamevaa makanzu meusi, na mwanamuke mumoja kati yao, nilifurahi. Solange alisimama peke yake kwa ubao. Aliongea Kifaransa, alichora, alionyesha picha ya bassin yangu kwa ukuta, kubwa sawa nyumba. Bassin yangu, Bamwana, na ule mupasuko wake wa pembeni. Nilimugonga Béatrice na kiwiko cha mukono. Akaniambia, "Mama, tulia."

Halafu wakaanza kumuuliza. Na hapa ndipo nilijidanganya, na wewe ungejidanganya pamoja nami, nina hakika.

Nilikumbuka siku mulikuja kumuomba Béatrice kwa ndoa. Unakumbuka wazee wetu walivyowafanya? Muzee wetu wa kusema alikataa, ati hakuna binti wa jina hilo kwa nyumba hii. Akasema labda mumekosea njia, endeleeni mpaka Rutshuru. Musemaji wenu akakosea neno moja la heshima, akatozwa amande, faini ya kosa, bidon ya kasiksi ikatoka. Akakosea tena, bidon ikatoka. Wewe ulikuwa nyuma na wanawake wenu, unazipitisha, na jicho lako lilinipata upande huu, ukanikonyeza. Tulijua wote wawili kwamba wazee wanakaza ili wafungue. Kadiri wanavyokataa, ndivyo binti anakaribia kutoka. Mutu mwenye anataka kukunyima kweli hakuulizi maswali mengi, anakuambia kwaheri.

Kwa hiyo maprofesa walipokaza, mimi nilifurahi. Mumoja anauliza, Solange anajibu. Mwingine anapiga karatasi na kidole, Solange anajibu. Nilikuwa nakaa pale nasema moyoni, kazeni, kazeni, anatoka huyu. Innocent alikuwa ameshika magoti. Nilimuonea huruma.

Mpaka akafika ule wa mwisho. Profesa mwembamba, miwani kwa pua, sauti ya chini. Aliuliza kwa Kifaransa na Solange akanyamaza. Akauliza tena, akanyamaza. Basi yule mutu akaweka kalamu, akaongea Kiswahili, akazungusha kidole chake hewani. Akasema, "Mademoiselle, gogo yako ikizunguka mbio kabisa, mafuta inasuguana. Ikisuguana inapata moto. Ikipata moto inakuwa nyepesi. Kwa hesabu yako yote, mafuta ina uzito moja mahali pote, kwa gogo na kwa ukingo. Si ni kosa?"

Bamwana, kwa asubuhi nzima hilo ndilo swali la pekee nililosikia, na ndilo lilinitisha. Maana ni kweli. Nani hajui? Mutoto wa kupika chai anajua. Mafuta ya moto yanakimbia sawa maji. Nilimuangalia Solange na uso wake umekuwa wa majivu, na nikaona depot ya Bunagana, mchele, sabuni, honi.

Lakini nilisikia pia neno "kosa". Na miguu yangu ikajua la kufanya kabla ya kichwa. Mutu wetu amekosea, tunalipa amande. Nikasimama. Nikainua bidon ya njano, nikapita katikati ya viti, nikaenda nikaiweka kwa meza ya jury, juu ya makaratasi yao, mbele ya yule mwembamba. Nikasema, "Muzee, tumekosea. Hii hapa ya kosa. Sasa muendelee kuongea na mutoto."

Nikageuka nikaona Béatrice amefunika uso na kitenge, na Innocent anaangalia dari sawa mutu anayemuomba Mungu ampunguzie mama mukwe mumoja. Ndipo nilielewa kwamba hapa si kwa kuomba binti. Hapa wanaweza kukataa na iwe kukataa.

Yule mukubwa wa jury, muzee wa mvi, alikuwa mutu wa kwetu, nilijua kwa namna alivyozuia kicheko na kiganja. Akasema, "Mama, hapa hatutozi amande. Aksanti." Akaangalia bidon. "Lakini usirudi nayo nyumbani, barabara ni mbaya." Watu wakacheka, chumba kizima, hata yule mwanamuke wa kanzu nyeusi. Yule mwembamba hakucheka, ila alihamisha bidon kutoka juu ya karatasi, taratibu, kwa mikono miwili, sawa mutu aliyefundishwa nyumbani kwao.

Wakati wanacheka, Solange alipumua. Nilimuona. Mabega yakashuka. Akamugeukia yule mwembamba, akamujibu kwa Kiswahili pia. Akasema, "Professeur, ni kweli. Hesabu yangu haijui moto. Nilizungusha polepole tu, na saa sita tu, wakati mafuta iko sawa mahali pote. Pale hesabu na bassin vinapatana, na hapo ninasimama juu yake. Gogo ikizunguka mbio, mafuta ikipata moto, inakuwa namna gani? Sijui. Nilijaribu, hesabu ikanishinda. Sijui bado."

Innocent akasema pole pole, "Yesu." Aliona imeisha.

Mimi, nilikusikia wewe. Umekaa na bidon zako kwa soko, wateja wanauliza kama kasiksi itafika Jumapili, siku ya Mungu, bila kuharibika. Wenzako wote wanaapa itafika. Wewe unasema, "Sijui. Leo ni nzuri. Ya siku ya Mungu sijui." Nilikuwa nakugombeza, nasema unafukuza watu. Unanijibu, "Sijui haijaua mutu." Na walirudi kwako, wale watu. Walirudi kwako miaka yote, juu walijua ukisema nzuri, ni nzuri.

Yule mwembamba aliondoa miwani. Kisha akasema kitu kwa Kifaransa, kifupi, akaandika. Nikamuuliza Béatrice amesema nini. Béatrice alikuwa analia, hakuweza kunijibu. Nikamufinya. Akasema, "Amesema, mwishowe kuna mutu mwenye anajua mahali kazi yake inaishia."

Walitutoa nje wakazungumze wao kwa wao. Tulisimama kwa ukuta. Innocent alimuendea Solange, akamunyoosha kola, akarudi kusimama mbali. Mimi sikuomba Mungu, Bamwana, nakuambia kweli. Niliomba wewe. Nikasema, kama uko karibu na wakubwa huko, sukuma.

Walituita. Muzee wa mvi alisoma. Mimi nilingoja uso wa Béatrice uniambie, na uso wa Béatrice ukafunguka. Amepita. Na distinction, alama za juu. Solange ananiangalia sasa anataka niruke hapa, siruki. Andika. Amepita na distinction, mutoto wa Innocent wa Bunagana na Béatrice wa kasiksi, mujukuu wa wanawake wawili ambao wakitia sahihi wanatia kidole.

Nilipiga vigelegele mpaka koo likapasuka. Watu walimumwagia poudre ya watoto, akawa mweupe sawa mutu aliyetoka kwa moulin ya unga. Wanawake walitandika vitenge chini apite juu yake, kutoka kwa mulango mpaka kwa barabara, na mawe yetu haya meusi yenye kukata miguu yakafunikwa yote. Nilitandika cha ndege. Nikabaki na jupon ya ndani mbele ya maprofesa, na sikuona haya. Halafu nikaomba waniletee kitenge chako cha kijani, nilikuwa nimekiweka kwa mufuko, nikakitandika cha mwisho, pale barabarani. Alipokifikia alisimama. Akavua viatu. Akapita miguu mitupu.

Nipumzike kidogo.

Haya. Bidon, waliinywa. Yule mwembamba alikunywa kikombe kimoja akasema ni tamu sana. Nikamwambia Béatrice, unaona?

Innocent hakusema kama lile "sawa" lake lingali palepale, siku ile wala kesho yake. Nilikuwa namungojea. Chuo walikuwa wamemuuliza Solange kama atabaki, asaidie kufundisha wa mwaka wa kwanza, na aendelee kutafuta lile jambo la moto. Mushahara wake ni wa kuchekesha, na wenyewe hauji kila mwezi. Alikuwa hajamujibu mutu, anamungojea baba yake. Siku ya kurudi Bunagana, Innocent alifunga mizigo, pikipiki inanguruma nje, Solange amesimama pale na sanduku lake dogo. Alikuwa amelifunga, Bamwana. Alikuwa tayari kwenda kama baba akisema twende. Hilo lilinichoma kuliko yote.

Innocent akaangalia sanduku. Akaliinua. Nikafikiri analifunga kwa pikipiki, nikaanza kutafuta kitu cha kurusha. Akapita mbele yangu, akaingia nalo ndani, akaliweka juu ya kitanda cha Solange. Akatoka, akapanda pikipiki. Akasema, "Baki." Neno moja. Mutoto wako hana maneno, lakini lile moja nililisikia vizuri, na majirani wameshuhudia.

Sasa amebaki. Anaondoka asubuhi na karatasi kwapani, anarudi na chaki kwa mikono, na watoto wa mwaka wa kwanza wanamuita Assistante. Jambo la moto bado hajalijua. Anasema labda itachukua miaka. Sawa, ichukue.

Bamwana, nakuaga. Lala vizuri, na usiniwekee nafasi finyu huko, mimi si mutu wa kujikunja. Nakuahidi hivi: kama Innocent atageuza akili, au akija mume mwenye anataka hesabu ziishie kwa mulango wa jikoni, mimi niko hapa. Nimekaa kwa kiti, kati ya mutoto na barabara. Mwenye anataka kumuondoa kwa ile kazi yake atapita kwanza juu yangu, na wewe unajua nilivyo munene.

Mimi wako, mama Béatrice.

Kidole changu ni hiki hapa chini. Solange amekipaka wino wa chuo.